Ngano na tumbo lisilotulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tumbo limemsumbua miezi au miaka, kapima choo, kapima damu, pengine na kamera kameza, na majibu yakarudi yaleyale: hakuna kilichoonekana. Kisha jirani, mwenzake wa kazini au video ya kwenye simu ikamwambia aache ngano. Kujaribu si kosa. Ila kuna utaratibu wake, na anayeurukia anaweza kukaa miaka bila kujua anaumwa nini hasa.

Kila nikila chapati tumbo linajaa gesi. Ni ngano hiyo?

Huenda. Lakini kabla hujaihukumu chapati, itazame sahani nzima. Chapati mbili za kusukuma, maharage yaliyoungwa kwa vitunguu maji na tui, kachumbari pembeni, na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Ngano ina fruktani, aina ya sukari ambayo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachua, gesi inatoka. Vitunguu maji vina fruktani hiyohiyo, na vitunguu saumu vinayo nyingi kuipita ngano kwa uzito uleule. Maharage yana sukari nyingine za ukoo huo. Maziwa yana laktosi, ambayo watu wazima wengi wa Afrika hawaimeng'enyi vizuri. Na chapati yenyewe imepakwa mafuta, ikakunjwa, ikasukumwa tena, ikakaangwa kwa mafuta mengine. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, ndiyo maana saa mbili baadaye mtu bado anahisi amebeba uzito chembe ya moyo.

Jaribio la kwanza halina gharama. Siku moja kula vipande vitatu vya mkate mtupu na chai ya rangi, bila maziwa wala maharage. Siku nyingine kula maharage yaleyale kwa wali. Wengi wanaoilaumu ngano huishia kukuta watuhumiwa wawili watatu, na ngano si lazima awe wa kwanza.

Daktari kasema nina IBS. Mbona vipimo vyote ni safi?

Kwa sababu huo ni ugonjwa wa utendaji wa tumbo. Kidonda hakipo, uvimbe haupo, minyoo haipo, lakini namna utumbo unavyojongea, unavyohisi na unavyowasiliana na ubongo imevurugika. Gesi ambayo mwenzako hata haisikii, wewe inakuumiza. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari wengi duniani wanavifuata, vinataka maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yakiambatana na mambo mawili kati ya haya: maumivu kuhusiana na kwenda haja kubwa, choo kubadilika idadi, au choo kubadilika umbo. Dalili ziwe zilianza walau miezi sita nyuma.

Ndugu yake wa karibu ni disipepsia ya utendaji: kushiba upesi, kujaa baada ya mlo, maumivu au moto chembe ya moyo, na kamera haioni kitu. Wengi wana yote mawili kwa pamoja.

Huko si kuumwa peke yako. Utafiti wa nchi 33 uliotoka mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya waliohojiwa kwa intaneti, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na walau tatizo moja la kundi hili. IBS yenyewe ilikuwa kama asilimia 4. Kwetu kinachoharibu mambo ni mazoea. Kila maumivu ya juu ya kitovu yanaitwa vidonda vya tumbo na kupewa omeprazo. Kila ya chini ya kitovu yanaitwa amiba na kupewa metronidazo, mara nyingi dirishani tu pale duka la dawa. Mtu anameza dozi ya tano ya amiba bila choo chake kupimwa hata mara moja.

Siliaki, mzio wa ngano, na tumbo kutopatana na ngano: tofauti ni nini?

Siliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mtu mwenye jeni za HLA-DQ2 au DQ8 akila glutini, yaani protini ya ngano, shayiri na rai, kinga yake inaushambulia utumbo mwembamba hadi vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinasagika. Duniani inakadiriwa kumpata kama mtu mmoja katika mia. Madhara yake hayaishii tumboni: upungufu wa damu, mifupa kudhoofika, watoto kudumaa, mimba kuharibika.

Mzio wa ngano ni aleji ya kawaida, jamaa wa aleji ya karanga au ya pweza. Unakuja ndani ya dakika hadi saa chache: vipele, midomo kuvimba, kukohoa, pumzi kubana. Kuna wanaopatwa pale tu wanapokula ngano kisha wakafanya mazoezi au kazi nzito. Huyu hapaswi kufanya jaribio lolote kati ya yaliyo hapa chini. Ende kwa daktari.

Kutopatana na ngano ni kile kinachobaki baada ya hayo mawili kuondolewa kwa vipimo: ukila ngano unaumwa, ukiiacha unapata nafuu, na utumbo wako hauna jeraha la siliaki. Dalili huja baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, na mara nyingi haziwi za tumbo peke yake. Watu hutaja uchovu, kichwa kuuma, viungo kukaza, akili kuwa nzito.

Siliaki si ugonjwa wa Wazungu?

Hapana. Mojawapo ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa ni vya watoto wa Kisahrawi, wa asili ya Sahara Magharibi: zaidi ya mmoja katika ishirini, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Upo Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India. Mtu wa Pwani mwenye ukoo wa Uarabuni au Bara Hindi asiutoe mawazoni kwa sababu tu daktari wa mtaani hajawahi kuukuta. Asiyepima hakuti.

Ulivyojulikana ni hadithi ya njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa tayari anaishuku ngano miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula na mkate ukaadimika Uholanzi, watoto wake wa siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoiweka ngano kizimbani.

Nimeshaacha ngano miezi mitatu na nina nafuu. Nikapime sasa?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo sababu ya kurudia rudia: pima kwanza, acha baadaye. Kipimo cha damu cha siliaki kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza ukiwa unakula glutini. Ukiacha, zinashuka, na jibu linaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, unataka mtu awe anakula glutini katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita kabla ya kupima.

Kwa hiyo una njia mbili. Urudie ngano kwa wiki hizo kisha upime, kama mwili unastahimili. Au upime jeni za DQ2 na DQ8, ambazo hazijali umekula nini. Ukikosa zote mbili, siliaki karibu haiwezekani. Ukiwa nazo haimaanishi unaumwa, kwani watu wengi wanazo na wana afya zao. Tatizo la kipimo hicho ni bei, na maabara chache zinazokifanya.

Maabara waandikie hivi: tTG-IgA, yaani kingamwili za siliaki, pamoja na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo ya IgA. Hii ya pili inasahaulika sana. Kuna watu ambao kwa maumbile hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao ya kwanza itasoma safi hata utumbo ukiwa umeharibika. Kipimo cha damu kikisoma juu, kwa mtu mzima kwa kawaida hufuata kamera na vipande vidogo vya nyama kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba.

Basi kinachonisumbua ni glutini?

Kwa wengi, pengine siyo. Na hapa inafaa kwenda polepole, maana biashara kubwa ya vyakula visivyo na glutini imejengwa juu ya jibu la haraka.

Mwaka 2011 kundi la Peter Gibson na Jessica Biesiekierski wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliwapa watu 34 wenye IBS, wasio na siliaki, mkate na keki ndogo ambazo nusu yao zilikuwa na glutini na nusu hazina, bila mlaji kujua. Kati ya walioambulia glutini, asilimia 68 walisema dalili zao hazikudhibitika; kati ya wenzao, asilimia 40. Habari zikasambaa: glutini inaumiza hata asiye na siliaki. Miaka miwili baadaye walewale, kwa uungwana ambao si wa kila mtafiti, walirudia kwa watu 37, safari hii wakiwapunguzia kwanza fruktani na sukari nyingine za kuchachuka. Karibu wote walipata nafuu kwa kupunguza hizo sukari. Glutini iliporudishwa, haikuwa mbaya kuliko chakula cha kulinganishia. Waliodhurika na glutini hasa walikuwa asilimia 8 tu.

Oslo wakaja na jaribio zuri zaidi mwaka 2018. Watu 59 waliojitambulisha kuwa hawapatani na glutini walikula kwa zamu vipande vya nafaka tamu vya aina tatu: chenye glutini, chenye fruktani, na kisicho na chochote kati ya hivyo. Waliozidiwa zaidi na fruktani walikuwa 24. Waliozidiwa zaidi na kile kitupu, 22. Glutini ilibaki na 13.

Ngano ina mengine pia. Kuna protini ndogo ziitwazo ATI, ambazo mmea unazitumia kujikinga na wadudu. Kundi la Detlef Schuppan limeonyesha kwamba zinaweza kuamsha kinga ya asili ya utumbo. Na wapo wenye IBS ambao ngano kweli inawagusa. Antonio Carroccio na wenzake wa Sicily mwaka 2012 walipitia wagonjwa 920 wenye dalili za IBS waliojaribiwa kwa ngano kwa siri, na 276 wakaitikia, yaani karibu theluthi.

Ukiunganisha yote hayo unabaki na hukumu hii: ngano ni mtuhumiwa halali, glutini mara nyingi ni jina tu lililobandikwa juu yake. Kwa asiye na siliaki tofauti hiyo ina faida kubwa mfukoni. Kama shida ni fruktani, hakuna haja ya kuogopa chembe ya unga, wala ya kununua biskuti za bei ya kuruka.

Kama watu 22 walizidiwa na kipande kitupu, si mawazo tu hayo?

Matarajio yana nguvu, hilo halifichiki. Watafiti wa Maastricht na Leeds waliwapa mkate watu 83 waliosema hawapatani na glutini. Baadhi waliambiwa una glutini, baadhi wakaambiwa hauna, na ukweli wa mkate ukachanganywa na maneno hayo kwa kila namna. Walioumwa zaidi ni wale walioambiwa wanakula glutini na kweli wakaila. Glutini bila tangazo haikufanya makubwa, na tangazo peke yake lilikuwa na athari yake.

Lakini kusema "mawazo tu" ni kukosa adabu, na pia ni kukosea. Maumivu yanayotokana na matarajio yanapita kwenye mishipa ileile ya fahamu. Tena upo ushahidi wa mwilini. Leuven, Ubelgiji, kundi la Guy Boeckxstaens mwaka 2021 liliwadunga wagonjwa 12 wa IBS viasili vya vyakula, ngano ikiwemo, kwenye ukuta wa mwisho wa utumbo mpana. Wote 12 walivimba palepale walipodungwa, kwa walau chakula kimoja. Kati ya watu wazima wa afya 8, walioitikia walikuwa wawili. Vipimo vya aleji vya ngozi na vya damu vya wagonjwa hao havikuonyesha kitu: mzio ulikuwa umejificha palepale utumboni. Katika panya, hali hiyo ilianza baada ya maambukizi ya tumbo yaliyokutana na chakula kipya.

Hilo la maambukizi linatuhusu sana sisi. Inakadiriwa mtu mmoja katika kumi anayeugua kuhara kwa maambukizi hubaki na IBS. Ukimuuliza mgonjwa vizuri lini ilianza, mara nyingi atakutajia safari, maji ya kisima, au ule msiba ambao nyumba nzima iliharisha.

Kuna kipimo cha damu cha vyakula 200 kinachotangazwa mtandaoni. Nikanunue?

Usinunue. Vipimo hivyo hupima IgG, aina nyingine ya kingamwili, na vinaonyesha ulichokula, siyo kinachokudhuru. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimevikataa. Atakayekuuzia atakupa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, na utakonda bure.

Nijaribuje nyumbani kwa utaratibu?

Hakikisha kwanza siliaki imepimwa na huna dalili za hatari zilizotajwa mbele. Kisha chukua daftari. Wiki mbili za mwanzo usibadilishe chochote: andika ulichokula, saa, na tumbo lilivyokuwa kwa alama ya sifuri hadi kumi. Andika pia usingizi, hedhi na siku za mgogoro kazini, kwa sababu vitu hivyo vinalichafua tumbo kama chakula. Ruka hatua hii na hutakuwa na cha kulinganisha.

Halafu acha ngano kwa wiki nne hadi sita. Wataalamu waliokutana Salerno, Italia, kupanga namna ya kuthibitisha tatizo hili walichagua wiki sita, na wakataka dalili zipungue kwa walau asilimia 30 ndipo ihesabike kuwa nafuu. Katika wiki hizi usibadilishe kitu kingine. Anayeacha ngano, soda, maziwa na pilipili siku moja, akapona, atasema ngano. Hajui.

Nafuu isipopatikana, rudi kula mkate wako kwa raha. Ngano si yako. Ikipatikana, bado hujamaliza. Irudishe kwa siku tatu: nusu chapati siku ya kwanza, moja siku ya pili, mbili siku ya tatu, kisha pumzika siku kadhaa. Kwa kukadiria, gramu 100 za unga mweupe zina glutini kama gramu 8, kiwango kilekile walichokiweka Salerno cha kula kila siku wakati wa jaribio. Hiyo ni chapati moja kubwa au mbili ndogo. Wapo watakaogundua kwamba moja inapita na mbili zinaleta vita. Hilo ni jibu tosha la kuishi nalo.

Baadaye jaribu kitunguu bila ngano: wali mweupe na mchuzi wenye vitunguu vya kutosha na saumu. Kikikuvuruga vilevile, mwelekeo ni wa fruktani, na unahitaji mtaalamu wa lishe akupangie chakula cha kupunguza sukari za kuchachuka, zile ambazo Monash wanaziita FODMAP. Mpango huo hukaa wiki mbili hadi sita tu, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja. Si wa maisha.

Nitajuaje sijidanganyi?

Tumia uji. Mwombe mwenzako wa nyumbani atayarishe makopo mawili ya unga, la A na la B. Moja liwe ulezi na unga wa ngano nusu kwa nusu, la pili ulezi na unga wa mchele. Rangi nyeusi ya ulezi na tangawizi kidogo vinaficha mengi. Yeye peke yake ndiye anayejua lipi ni lipi, na asikwambie hata ukimbembeleza. Kunywa bakuli asubuhi na jioni la kopo moja kwa wiki, pumzika wiki, nenda la pili, ukiandika alama zako kila siku. Hapo tu ndipo mfungue siri.

Si kipimo cha maabara, na ulimi mkali unaweza kubahatisha. Lakini ni bora kuliko kula mandazi huku unasubiri kuumwa.

Ngano imejificha wapi?

Chapati, mandazi, mahamri, mkate wa kopo, boflo, sambusa, kaimati, visheti, tambi, spageti, keki, biskuti: hizo kila mtu anazijua. Bokoboko ni ngano nzima. Mkate wa ufuta ni ngano; mkate wa kumimina ni mchele, ila wapo wanaotia unga wa ngano ili ushikamane. Katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate. Soseji na smoki huongezwa unga. Sosi ya soya nyingi zina ngano, na mchuzi wa hotelini huenda umeshikizwa kwa unga. Unga wa lishe wa kupakiwa ndio unaosahaulika zaidi: soma karatasi, maana baadhi ni mchanganyiko wa mahindi, soya, ulezi na ngano.

Bia ya kawaida ni ya shayiri. Mbege ni ya ndizi na ulezi.

Nile nini sasa?

Hapa mtu wa Afrika Mashariki amebahatika kuliko mgonjwa wa London au Toronto anayezunguka rafu ya vyakula maalumu. Ugali, wali, muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi za kupika, mtama, uwele, ulezi, vitumbua: vyote havina glutini kwa asili, vimo sokoni, na mpishi wako anavijua. Asubuhi ndipo shida ilipo, kwani mkate umeshakaa mezani kama mwenye nyumba. Rudisha muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, uji, au wali uliolala.

Usiache fungu la mboga na matunda. Na kumbuka kwamba Kenya na Tanzania unga wa ngano wa viwandani kwa sheria huongezwa madini ya chuma na asidi foliki. Mwanamke anayetarajia mimba akiacha ngano kabisa, ahakikishe anavipata kwingine.

Nimehamia mkate wa brauni na unga wa atta ili tumbo litulie. Mbona nimezidiwa?

Kwa sababu pumba ndiko fruktani ilikojaa zaidi. Ngano isiyokobolewa ina faida zake kwa mwenye tumbo zima. Kwako inaweza kuongeza gesi. Kama shida yako ni choo kigumu, isabgoli, yale maganda laini yanayouzwa katika maduka ya Kihindi, ina ushahidi mzuri kuliko pumba. Anza na kijiko cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, unywe kabla haijaganda.

Unga uliochachuka muda mrefu unasaidia?

Unaweza. Hamira na bakteria wa unga hula fruktani, wakipewa muda. Watafiti wa Hohenheim, Ujerumani, walikuta mwaka 2016 kwamba unga uliokaa zaidi ya saa nne umepoteza sehemu kubwa ya sukari hizi, huku wa saa moja ukiwa nazo tele. Mkate wa kiwandani unaumuliwa haraka. Mahamri ya kulaza usiku kucha huenda yakakupendeza kuliko mandazi ya nusu saa. Chapati haina hamira, hivyo haiingii hapa. Na glutini inabaki: mwenye siliaki asijaribu.

Lazima niogope hata vumbi la unga?

Mwenye siliaki, ndiyo. Kwa viwango vya kimataifa chakula kinachoitwa hakina glutini kisizidi miligramu 20 kwa kilo, kiasi ambacho macho hayakioni. Mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano na sasa inasaga ulezi wako, kibao cha kusukumia, karai la mafuta lililokaangiwa mandazi kabla ya mihogo: vyote vinamhusu. Apeleke nafaka yake nyumba yenye kinu, au awe na mashine yake ndogo.

Asiye na siliaki hahitaji hofu hiyo. Akiweza nusu chapati, aile.

Mwanangu wa miaka mitatu tumbo linamuuma. Nimwachishe ngano?

Usianze wewe. Mtoto anayeumwa tumbo, haongezeki uzito au anaharisha muda mrefu apelekwe kliniki akiwa bado anakula ngano, ili siliaki ipimwe na minyoo na jiadia, kijidudu cha utumboni, viangaliwe.

Dalili zipi zinataka niache majaribio niende hospitali?

Damu chooni au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kujitakia, kushindwa kumeza, kutapika kusikokoma, homa za kurudia au jasho la usiku, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, uvimbe unaoshikika, au dalili kuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Vivyo hivyo kama ndugu wa damu ana siliaki au alipata saratani ya utumbo. Kifua kikuu cha matumbo na VVU bado vipo kwetu, na havitibiwi kwa kuacha mkate.

Ramadhani futari imejaa ngano. Nifanyeje?

Uji wa shayiri na tambi ndivyo vya kuangalia. Shayiri ina glutini na fruktani pia. Weka uji wa mtama au wa mchele, muhogo wa nazi, ndizi mbivu, vitumbua. Jambo lingine ni kiasi: tumbo lililofunga kutwa likijazwa sahani tatu kwa dakika kumi litalalamika hata bila ngano. Fungua kwa kidogo, swali, kisha rudi kula.

Niliacha ngano, nikapona miezi miwili, sasa dalili zimerudi na sijagusa mkate. Nini hiki?

Magonjwa haya hupanda na kushuka yenyewe, hata bila chakula kubadilika. Huenda nafuu ya mwanzo ilikuwa kipindi cha kushuka, au ilitokana na kuacha mafuta ya chapati na maharage yaliyofuatana nayo. Rudi kwenye daftari utazame kilichoingia mahali pa ngano: mara nyingi ni maharage zaidi, maziwa zaidi, au matunda mengi kwa mkupuo, hasa maembe na tikiti maji, ambayo nayo yana sukari za kuchachuka. Na kama hukuwahi kuirudisha ngano kwa utaratibu, irudishe sasa. Ukikuta huzidiwi zaidi ya ulivyo, huna sababu ya kuendelea kuikosa. Zungumza na daktari kuhusu njia nyingine, zikiwemo dawa za kutuliza msokoto wa tumbo na tiba za kuzungumza zinazolenga utumbo na ubongo.